Kiziwi si Tusi: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka mingi. Mengine niliandikiwa kwenye simu ndani ya daladala, mengine nyuma ya risiti, na moja niliandikiwa kiganjani kwa kalamu na muuza samaki ambaye hakuwa na karatasi. Mimi ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilinikuta Tanga nikiwa na miaka sita, ikaondoka na masikio yangu, na mwaka uliofuata nikapelekwa bweni kwenye shule ya viziwi. Majibu ni yangu. Viziwi wenzangu wana haki ya kuyapinga, na baadhi yao watayapinga.

Niseme kiziwi, bubu, au mtu mwenye ulemavu wa kusikia?

Sema kiziwi.

Najua umefundishwa adabu, na adabu imekuambia neno hilo ni kali. Nimeona watu wakilizunguka kama shimo barabarani: "huyu dada ana… ana tatizo la… yaani ana changamoto kidogo." Sina changamoto kidogo. Sisikii kabisa, hata ukipiga ngoma mgongoni mwangu, ingawa ngoma hiyo nitaihisi kifuani. Chama chetu kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na jina hilo hatukubandikwa na mtu. Tulijiita wenyewe.

"Mtu mwenye ulemavu wa kusikia" ni lugha ya fomu na hotuba. Haina ubaya, na mbele ya sheria inatusaidia, maana haki nyingi zinapitia mlango wa ulemavu. Ila inaanza kuhesabu kutoka kwenye kilichopungua. Ukisema kiziwi, sisi tunaona mtu mwenye lugha yake, shule aliyosoma, marafiki wa bweni na vichekesho ambavyo vikitafsiriwa vinakufa. Nje ya nchi nako walishaligombania jambo hili. Mwaka 1991 Shirikisho la Viziwi Duniani na shirikisho la watu wenye usikivu hafifu walikubaliana watumie maneno mawili ya wazi, viziwi na wenye usikivu hafifu, wakaliacha lile la kidaktari linalosema usikivu "umeharibika".

Kama una shaka na mtu fulani, muulize yeye. Wapo wasiolipenda neno kiziwi, hasa waliopoteza usikivu ukubwani. Wao waite wanavyotaka.

Lakini kiziwi, viziwi… si ni ngeli ya vitu? Kama kiti na viti?

Hili huulizwa na walimu wa Kiswahili, na nalipenda.

Ni kweli tumo kwenye KI-VI. Ni kweli pia kwamba humo wamerundikwa watu wengi ambao jamii iliwaona wana kasoro: kipofu, kiwete, kilema, kibyongo. Kilema ameshatolewa humo, siku hizi ni mlemavu. Kwa hiyo anayeuliza si mjinga, ameona jambo.

Lakini tazama tuliopanga nao nyumba hiyo. Kijana yumo. Kinyozi yumo. Kipenzi yumo, kiranja yumo, na kiongozi yumo, na sijasikia kiongozi hata mmoja akidai aitwe "mwongozi" kwa sababu KI-VI inamshushia hadhi. (Nimeandika "sijasikia". Tutalifikia hilo.) Halafu lugha yenyewe imeshatoa hukumu kwenye upatanisho: tunasema kiziwi amefika, viziwi wamefika. Anayesema "kiziwi kimefika" hajakosea sarufi, amekusudia kutukana, na kila Mswahili anajua hivyo. Tusi liko kwenye kitenzi alichochagua. Nomino haina kosa.

Kwa nini basi mnachukia bubu?

Kwa sababu ni uongo. Bubu ni asiyeweza kusema. Mimi nasema kutwa nzima, nasema mpaka mikono inachoka. Wengi wetu koo na ulimi ni vizima. Kinachokosekana ni kujisikia, na asiyejisikia hupata taabu kuipanga sauti yake. Wapo wanaotumia sauti, wapo waliochekwa mara moja sokoni wakaifungia.

Neno hilo lina historia. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, na jina lake la Kiingereza lilichanganya uziwi na ububu pamoja, kama ilivyokuwa kawaida ya dunia nzima wakati ule. Waliofungua shule walikuwa wanatusaidia. Jina lilikuwa la enzi yake, na enzi hiyo imepita.

Mtaani bubu bado anaishi, Kenya na Tanzania. Wazee wakiniita hivyo sigombani nao. Ofisa aliyesoma nikimkuta ameandika "bubu" kwenye barua, huyo narudi naye mpaka alifute. Kibubu cha kuwekea akiba kibaki na jina lake, maana hicho kweli hakisemi kina shilingi ngapi.

"Asiyesikia" si lingekuwa la heshima zaidi?

Litamke taratibu uone. Asiyesikia la mkuu… Umeshalimalizia mwenyewe, na mguu umeshavunjika.

Kiswahili kimelibebesha neno kusikia mizigo mingi kuliko lugha nyingine ninazozijua. Mtoto asiyesikia ni mtoto mtukutu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mke akisema mumewe hasikii, hakuna atakayempeleka kwa daktari wa masikio. Kusikia ni kutii, ni kuelewa, ni kukubali kurekebishwa. Ukiniita asiyesikia, masikio yangu umeyataja nusu tu. Nusu nyingine umeitaja tabia yangu. Nilipokuwa shule, mwanafunzi mwenzetu alichapwa na mgeni aliyemwita mara tatu kutoka nyuma. Alichapwa kwa kutosikia, kwa maana zote mbili.

Na kusikia ni kuhisi pia. Nina uziwi wa miaka zaidi ya thelathini, na kila siku ikigonga saa saba mchana nasikia njaa. Nasikia baridi, nasikia harufu ya vitumbua kutoka nyumba ya tatu. Watu wakiona nimeandika hivyo hucheka, halafu hunitazama kwa wasiwasi kama wamekosea kucheka. Chekeni tu.

Viziwi wote ni wamoja?

Hapana. Yuko aliyezaliwa kiziwi na lugha ya alama ndiyo lugha yake ya kwanza. Yuko kama mimi, aliyepata Kiswahili kwa masikio kidogo kisha akakipoteza. Sauti ya mama naikumbuka, au nadhani naikumbuka. Yuko mwenye usikivu hafifu anayevaa shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti, na kupiga simu. Yuko mzee wa miaka sabini ambaye masikio yamezeeka naye, hajui alama hata moja wala hataki kujua. Wapo viziwi wasioona, ambao alama huzipokea kwa kushika mikono ya anayesema. Na wapo watoto wanaosikia waliozaliwa na viziwi, ambao wakiwa na miaka mitano tayari wanawatafsiria wazazi benki. Hao husahaulika, na mzigo wao si mdogo.

Lugha ya alama au lugha ya ishara?

Tanzania tunasema lugha ya alama. Kenya wanasema lugha ya ishara. Kila upande una hoja zake na hakuna aliyeshinda. Ukiwa Dar sema alama, ukiwa Nairobi sema ishara, uendelee na safari.

Ni lugha moja dunia nzima?

Swali hili huja na tabasamu, kana kwamba mwulizaji ametupa zawadi: "Ninyi mna bahati, mnaelewana popote!" Hatuelewani popote. Lugha ya Alama ya Tanzania si Lugha ya Ishara ya Kenya, nazo si ya Uganda. Shirikisho la Viziwi Duniani huhesabu lugha za alama zaidi ya 300.

Wala hazifuati lugha za masikio. Marekani na Uingereza zote zinasema Kiingereza, ila kiziwi wa London na kiziwi wa Chicago hawaelewani: Mwingereza huandika herufi hewani kwa mikono miwili, Mmarekani kwa mmoja. Alama za Marekani zina undugu na za Ufaransa, kwa sababu mwalimu kiziwi kutoka Paris, Laurent Clerc, alivuka bahari mwaka 1816 na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha shule kule Hartford.

Afrika nako kuna aliyevuka bahari. Andrew Foster, Mmarekani mweusi na kiziwi, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington, mwaka 1954. Mwaka 1957 alifungua shule Accra, Ghana, kisha akaendelea nchi kwa nchi, Magharibi na Kati, hadi Kongo, akiacha shule zaidi ya 30 nyuma yake. Popote alipofika alama za Marekani zilifika naye, zikachanganyika na za wenyeji. Alifariki Desemba 1987 kwa ajali ya ndege nchini Rwanda, akiwa bado safarini kwa kazi hiyo hiyo. Kila nikimweleza mtu habari zake huniuliza mbona hawakufundishwa shuleni. Sina jibu.

Hapa kwetu hadithi ni ya mabweni. Tabora kulikuwa na alama zake. Buguruni, shule iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1974, ikawa na zake. Mwanga kule Kilimanjaro, zake. Watoto walikuja kutoka vijijini bila lugha ya pamoja, wakapewa chache na walimu, nyingi wakazitunga wenyewe usiku baada ya taa kupaswa kuzimwa. Baadaye watu wazima wakakutana kwenye chama na kukuta kila mmoja ana alama yake ya jambo lile lile. Mpaka leo nikikutana na mtu naweza kujua alisoma wapi kabla hajataja shule, kama unavyomjua Mpemba akifungua mdomo.

Si ni Kiswahili tu kinachosemwa kwa mikono?

Hapana, na kwa muda mrefu hata wasomi walidhani hivyo, au walidhani ni maigizo. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu anayesikia pale Gallaudet, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kuwa alama huundwa kwa vijenzi, kama neno linavyoundwa kwa sauti: umbo la mkono, mahali unapowekwa na unavyosogea. Badilisha kimoja, maana imebadilika. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa lugha ya ishara ya Kenya mwaka 1991, na mwanaisimu Okoth Okombo alikuwa miongoni mwa walioubeba.

Nikueleze kwa Kiswahili. Chukua neno "nitakupa". Ndani yake kuna mimi, kuna wewe, kuna wakati ujao, kuna tendo, vyote vimeshonwa pamoja. Sasa chukua alama ya kupa. Mkono ukitoka kifuani kwangu kuelekea kwako, nimekupa. Ukitoka kwako kuja kwangu, umenipa. Nikiwa nimemweka dada yangu kushoto, hewani, tangu mwanzo wa mazungumzo, mkono ukienda kushoto nimempa yeye, hata kama yuko Mtwara. Hatuna kiambishi ku- wala m-, tunacho chumba kizima. Mtu aliyezoea vitenzi vya Kiswahili angepaswa kushangaa kidogo kuliko wengine, ila ndiye anayeniambia alama hazina sarufi.

Uso nao ni sarufi. Nyusi zikipanda, kauli imegeuka swali. Ndiyo maana mtu anayejifunza alama huku uso wake umetulia kama wa mlinzi wa benki haeleweki. Na anayetuona mbali, mikono ikiruka na nyuso zikikunjamana, hudhani tunagombana. Mara nyingi tunapanga mchango wa harusi. (Sawa, hapo labda tunagombana.)

Kwa nini ujumbe wa viziwi kwenye simu huwa na Kiswahili kibovu?

Umepokea ujumbe: "Mimi jana soko kwenda, wewe kuona hapana." Ukasema moyoni, huyu hakusoma.

Kiswahili kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi ni lugha ya pili ambayo hajawahi kuisikia hata siku moja. Wewe ulijifunza tofauti ya "haijaharibika" na "haikuharibika" mgongoni mwa mama yako, bila mtu kukufundisha. Yeye anakutana na ha-, -ja-, -ku- ubaoni, akiwa na miaka tisa, kwa mwalimu ambaye huenda alama zake ni haba. Viambishi ni vidogo, vinaruka, na lugha ya alama haivihitaji, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na nafasi na uso. Kwa hiyo anaandika maneno yenye nyama na kuacha mifupa.

Jaribu hivi: jifunze Kichina kwa kukitazama nyuma ya kioo, bila sauti, kisha uniandikie barua ya kuomba kazi. Nitaisoma kwa huruma uliyonisomea nayo.

Kenya wamefanya jambo la maana hapa: mtahiniwa kiziwi anaweza kufanya mtihani wa lugha ya ishara mahali pa Kiswahili. Wapo wanaoona ni kuwapunguzia viziwi Kiswahili. Mimi ninayependa Kiswahili kiasi cha kuandika ukurasa huu wote naona ni haki. Lugha hupendwa vizuri zaidi ikiacha kuwa kiboko.

Si unaweza kusoma midomo?

Simama mbele ya kioo. Sema bila sauti: baba. Sema: mama. Sema: papa. Umeona tofauti? Hakuna. Kwa macho yangu, mtu aliyekuja kumtafuta mama yangu huenda alikuja kumtafuta samaki mkubwa.

Herufi za kooni, kama k na g, hazionekani kabisa. Ongeza masharubu, mswaki mdomoni, mtu anayetafuna mirungi, mtu anayegeuka kuangalia gari. Ninachofanya ni kubahatisha kwa kutumia mahali na mazingira: dukani naelewa mengi kwa sababu najua muuza duka atasema nini. Mada ikigeuka tu, nimepotea, ila naendelea kutikisa kichwa. Kiziwi akitikisa kichwa mfululizo huku akitabasamu, jua mmeshaachana zamani.

Kupiga kelele hakusaidii. Kunakunja mdomo tu.

Ni kweli watoto walikatazwa kutumia alama shuleni?

Ni kweli, na chanzo kina tarehe. Septemba 1880, mjini Milan, Italia, walimu wa viziwi walikutana, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapiga kura kwamba watoto wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, alama ziachwe. Azimio la chumba kimoja Italia likasafiri na wamisionari na wataalamu mpaka madarasa ya Afrika Mashariki. Kenya, shule za viziwi zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 ziliendelea kushikilia matamshi hadi miaka ya 1980. Vidole vilichapwa. Mtoto alishinda asubuhi nzima mkono wake ukiwa kwenye koo la mwalimu, akijaribu kuhisi herufi g, na jioni hakujua habari yoyote ya dunia ila namna g inavyotetema.

Mwaka 2010 mkutano wa ukoo huo huo, uliofanyika Vancouver, Kanada, ulitamka kujutia azimio la Milan. Miaka 130. Na mabwenini alama hazikuwahi kufa, maana usiku walimu walilala.

Na vifaa vya kusikia? Kipandikizi cha sikio hakimalizi tatizo?

Shimesikio huikuza sauti. Kama sikio lina mabaki ya usikivu linasaidia. Kama hakuna mabaki, unakuza kimya. Kipandikizi ni jambo jingine: kifaa kinachowekwa kwa upasuaji na kupeleka mpigo wa umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, kikiwa na kipande cha nje chenye betri. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo familia za Tanzania zilipelekwa nje.

Baadhi ya viziwi wanakichukia kipandikizi kama adui wa lugha yetu. Sikubaliani nao. Ninachokichukia ni ile amri inayofuatana nacho, eti mtoto asifundishwe alama "asije akawa mvivu wa kusikia". Mtoto mwenye kipandikizi akikivua usiku ni kiziwi. Akiingia baharini ni kiziwi. Betri ikiisha kijijini kwa bibi ni kiziwi mpaka itakapopatikana nyingine. Mpe vyote viwili.

Mtoto wangu amegundulika ni kiziwi. Nianzie wapi?

Pole kwa mshtuko. Pole ya msiba siitoi, hakuna aliyefariki.

Mpeleke apimwe na wataalamu wa masikio. Uziwi una sababu nyingi: rubela wakati wa ujauzito, surua, matumbwitumbwi, uti wa mgongo, usaha wa masikio uliopuuzwa, baadhi ya sindano za kuua vijidudu zinazodhuru sikio, na urithi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika. Soma takwimu hiyo kwa ajili ya mtoto ajaye. Kwa huyu uliye naye, acha kumtafuta mchawi. Acha pia kumzungusha kwenye mikutano ya maombi akiwekewa mikono masikioni mbele ya umati. Nilizungushwa mimi, na ninachokumbuka ni jasho la viganja vya watu nisiowajua.

Halafu anza lugha leo. Si baada ya kifaa kufika, si akifikisha umri wa shule. Ubongo wa mtoto hupokea lugha miaka ya mwanzo kama ardhi ya masika inavyopokea mbegu. Ukichelewa, unapanda kiangazi. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo huenda wewe ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wako kukutana na jambo hili. Tafuta viziwi watu wazima. Nenda kwenye tawi la chama la mkoa wako, waombe waje nyumbani, wapikie. Mtoto anapaswa kuona kwamba viziwi hukua. Usicheke. Mwanafunzi mwenzangu aliamini mpaka darasa la tatu kwamba akikua atasikia, kwa sababu hakuwahi kuona mtu mzima asiyesikia.

Mama yangu aliuza vitumbua na hakuwa na muda wa kozi. Alama za kwanza tulizitunga wawili: bibi ilikuwa kufunga fundo la kanga, Ijumaa ilikuwa kuvaa kofia, deni ilikuwa kuchora mstari ukutani. Likizo nikaja na alama za bweni, nikamfundisha jikoni. Alijifunza akiwa na unga mikononi.

Sheria zinasema nini?

Kwa ufupi. Uganda iliitaja lugha ya alama kwenye Katiba ya 1995, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na mwaka 2009 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaozitambua lugha za alama kuwa lugha kamili. Afrika Kusini iliifanya yake kuwa lugha rasmi ya 12 mwaka 2023.

Sheria hizo zote hazijawahi kunitafutia mkalimani saa tisa usiku wodini.

Mkalimani akiwepo, nimtazame nani?

Kiziwi. Na usiseme "mwambie kwamba…". Sema na mimi. Mkalimani si mlezi wangu, wala hajui kama nimeolewa.

Nimwiteje kiziwi aliyenipa mgongo?

Mguse bega. Punga mkono ukiwa pembeni mwa macho yake. Zima na kuwasha taa, kanyaga sakafu ya mbao, gonga meza. Usimrushie kitu. Makofi tunapiga kwa kuinua mikono na kuitikisa viganja. Septemba 2009, Taipei, Taiwan, ilipoandaa michezo ya Olimpiki ya viziwi, ya kwanza kufanyika Asia, wageni waliona viwanja vizima vikishangilia hivyo.

Umeme ukikatika tuwie radhi, mazungumzo yamesimama. Washa tochi ya simu, ielekeze kwenye mikono yangu, si machoni.

Jina la alama ni nini? Naweza kujipa langu?

Kutaja jina kwa herufi moja moja kunachosha, kwa hiyo kila mtu ana alama yake. Hutokana na sura, tabia, au tukio ambalo ungependa lisahaulike. Langu ni kidole kinachokwaruza nyusi ya kushoto, palipo na kovu nililolipata kwenye karo la kuogea bwenini. Hatuoni ubaya kumwita mtu kwa kovu lake, au pengo lake, au kitambi chake.

Kujipa mwenyewe hapana. Jina hutolewa na viziwi, wakishakujua. Mama yangu alikaa nasi miaka zaidi ya ishirini bila jina. Alikuwa "mama wa" halafu nyusi yangu. Lake alilipata kwenye harusi ya rafiki yangu, ukumbi mzima viziwi, yeye peke yake akisikia muziki ambao hakuna aliyekuwa akiusikiliza. Mzee mmoja alimtazama jinsi mikono yake inavyozungumza, akageuza kiganja mara moja, haraka, kama mtu anayegeuza kitumbua. Meza nzima ikainua mikono.

Siku hizi akikutana na kiziwi mgeni hujitambulisha mwenyewe. Anaifanya alama yake haraka mno, kama anaogopa mafuta yataunguza, na lazima airudie.